UZI: Ranwei ikikarabatiwa mbona wa safari ndefu ndio tunaumia kwanza? Mama amekwama masaa 19

MwanaUtawala (mwenye uzi)

Habari za jioni wadau. Naandika nikiwa bado na uchungu lakini zaidi ya yote nataka kuelewa, kwa hivyo mwenye kujua anieleze pole pole.

Mama yangu ako na miaka 63 na hajawahi kupanda ndege maishani. Dada yangu amejifungua huko Minnesota, tukachanga kama familia tukamkatia tiketi aende amsaidie na mtoto. Siku ya safari tulitoka Utawala mapema, saa moja jioni tayari tuko JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi hapo Embakasi, mama amevaa sweta mbili juu ameambiwa huko ni baridi. Ndege ilikuwa itoke karibu saa tano usiku. Ikafika saa tano, sita, saba, ndege iko pale tu, haina shida, mvua hakuna, ukungu hakuna, abiria wanaambiwa ati uwanja wanaoenda kuunganishia ranwei moja imefungwa inatengenezwa kwa hivyo hawajapewa nafasi ya kutua. Ikaondoka saa nane na kitu. Kufika huko ndege ya pili ilishaenda, na juu tulikuwa tumekata tiketi mbili tofauti ili tuokoe pesa, akaambiwa hapo hakuna wa kumsaidia, atafute nyingine.

Masaa 19 amekaa kwa kiti cha chuma. Mama ana sukari na insulini yake tulikuwa tumeiweka kwa chupa ya chai na barafu, barafu ikayeyuka yote. Hana laini ya huko, simu yake haishiki kitu, alikuwa ananipigia kwa simu ya mama mmoja Mganda waliyekutana hapo getini. Kijana anayepiga deki ndiye alimwona anamwaga maji kwenye ile chupa, wala hawaelewani lugha, akaenda akarudi na kikombe cha karatasi kimejaa barafu. Mungu ambariki huyo kijana popote alipo.

Amefika salama, tunashukuru. Lakini nauliza, inakuwaje lami ya nchi ya watu inazuia ndege kutoka Embakasi na ndege yenyewe ni nzima?

---

MzeeSyokimau

Pole sana kijana na umpe mama pole. Hiyo ya tiketi mbili hufanywa na wengi, msijilaumu sana.

---

Paleti_ya_Usiku

Pole ndugu. Mimi nafanya kazi ya mizigo hapo Embakasi, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja, napanga uzito wa ndege, yaani nani na nini kinaingia, kinakaa wapi, mafuta kiasi gani. Hili swali lako nimeliishi kwa hivyo nitaandika kirefu kidogo.

Uwanja wenye njia mbili za kurukia na kutua, yaani ranwei, ukifunga moja, ndege haziendi popote, zinabaki zile zile zikipigania njia moja. Angalia Dubai, wana njia mbili. Mwaka wa 2019 walifunga ile ya kusini siku 45, kuanzia tarehe 16 Aprili mpaka 30 Mei, waivunje na kuijenga upya, na Emirates peke yake walipunguza safari karibu robo nzima kwa hicho kipindi, wengine wakahamishiwa ule uwanja mwingine wa Al Maktoum. Mwaka wa 2022 wakafunga ya kaskazini, tena siku 45. Na hao ni watu waliopanga na kutangaza mapema sana. Sasa uwanja kama huo kila ndege inapewa dakika yake ya kutua, na hata kama unatoka Nairobi utasubiri hiyo dakika yako ukiwa hapa hapa chini. Mnara wa huko ukisema njoo saa kumi na moja alfajiri badala ya saa tisa, rubani hawezi kusema wacha tu nitoke nikazunguke nikifika. Atazunguka na mafuta gani? Bora kuchelewa ukiwa umekaa kuliko ukiwa juu unachoma.

Na hapo ndipo safari ndefu inatofautiana na ya Kisumu. Ya Kisumu ikichelewa masaa mawili, itaenda masaa mawili baadaye, imeisha. Ya masaa saba nane kumi na tano imefungwa pande zote. Marubani na wahudumu wana kikomo cha masaa ya kazi kisheria na hayo masaa yanahesabiwa tangu waripoti, ukiwaweka chini masaa matatu umeyala, mara nyingine yakifika mahali fulani lazima waletwe wengine, na wengine wako hotelini wamelala au hawako Nairobi kabisa. Huko Ulaya viwanja vingi vinabana ndege za usiku. Nafasi ya kutua ukiipoteza huipati kwa kuomba tu. Alafu kuna abiria kama mama yako ambao ndege ya pili haiwasubiri.

---

Kijana_wa_Moshi

Shukrani mkuu Paleti, umeeleza vizuri. Swali langu, nyinyi hapo JKIA mna njia moja tu si ndiyo? Sasa yenu ikiharibika inakuwaje? Naona Entebbe wana ndefu na fupi pembeni, Addis wana mbili ndefu.

---

Paleti_ya_Usiku

Ndiyo mkuu, ni moja. Mita 4,117, ni ndefu vizuri, lakini ni moja. Embakasi ilifunguliwa 1958, wazee wetu walioshikwa wakati wa hali ya hatari ya Mau Mau ndio walichimba pale kwa mikono, na mpaka leo uwanja mkubwa wa nchi unategemea kipande kimoja cha lami. Heathrow wana mbili, Paris Charles de Gaulle nne, JFK nne, Schiphol sita. Schiphol wakifunga moja, ratiba inabanwa lakini ndege zinaingia. Hapa ukifunga umefunga Nairobi. Wilson, ule uwanja mdogo wa hapa Nairobi, haipokei ndege kubwa. Zilizo juu zitaenda Mombasa, Eldoret, Entebbe au KIA, yaani Kilimanjaro, kwenu huko.

Aprili 2023 ndege ya mizigo ilikwama katikati ya hiyo njia ikitaka kuruka, wacha ukarabati, ni ndege moja tu imeshindwa kutoka, na uwanja wote ukasimama masaa kadhaa, ndege za watu zikageuzwa.

Watu huniuliza kwa nini tusikarabati usiku kama barabara, ndege usiku si ni chache. Hapana. Usiku ndio wakati wetu. Za kwenda Ulaya na Marekani zinaondoka usiku karibu na saa sita, juu abiria wa Lusaka, Entebbe, Dar, Kigali wanafika hapa jioni waunganishe, wafike Ulaya asubuhi wapate za mbele. Sasa ufunge saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Ya saa sita kasoro robo ikichelewa kidogo, abiria mmoja amekosekana na begi lake inabidi litolewe tumboni, hiyo dakika 20 imegeuka masaa sita. Si dakika 20 tena. Abiria 200 na kitu wanalala chini hapo. Nakumbuka usiku mmoja mlango wa mizigo ulikataa kufunga sawa sawa, fundi akaja akaufunga ndani ya dakika kumi na tano, na wote tuko pale chini tunaangalia saa.

Na bado kuna hii habari ya kufupisha njia, ambayo abiria haioni kabisa. Wakati mwingine hawafungi yote, wanafunga mwisho mmoja tu, sema mita 1,000, ndege zitumie iliyobaki. Inaonekana kama huruma. Lakini Embakasi iko mita 1,624 juu ya bahari, hewa hapa ni nyepesi karibu asilimia 15 kuliko Mombasa, injini inapata hewa kidogo na mabawa yanapata hewa kidogo, kwa hivyo ndege lazima ikimbie zaidi kabla ya kuinuka. Mchana jua likiwaka ndio mbaya zaidi. Ile Boeing 787 ya New York, safari iliyoanza Oktoba 2018, inakaa juu kama masaa 15, tangi zake zikijaa mafuta ni zaidi ya tani 100. Ukimkata huyo njia hawezi kuruka na uzito ule ule. Mafuta hayapunguzwi, kwani ataishia baharini? Abiria wamelipa. Kinachotoka ni mizigo.

---

Shiru_wa_Maua

Hapo kwa mizigo mniache niongee kwa sababu ndiko sisi tunaliwa.

Niko kwa upande wa kupeleka maua nje, waridi za Naivasha. Waridi likikatwa asubuhi linaingia chumba cha baridi, linapangwa kwa boksi, lori linapanda usiku, linafika Embakasi, na kama mambo yako sawa kesho yake jioni liko Uholanzi. Ua halijui mambo ya ranwei. Kila saa unayoongeza inatoka kwa siku ambazo mama wa huko atakaa nalo mezani.

Nilishasimama kwa ghala la ndege saa saba usiku naona paleti yetu inateremshwa. Ilikuwa tayari imefungwa neti, imepimwa, imepelekwa mpaka kando ya ndege, simu ikaja ndege imepunguziwa uzito, uwanja inakoenda wamebana njia na rubani ameongeza mafuta ya kuzungukia huko, vijana wakaanza kuirudisha na ile gari ya kuinulia. Maboksi yalikuwa yameanza kutoa jasho pembeni, ile karatasi ikilowa unaweza kuitoboa na kidole. Nikaweka mkono ndani ya boksi, joto. Hakuna mtu wa kumlaumu hapo, rubani ako sawa, wa mizigo ako sawa, mimi nimebaki na waridi.

Na mwezi wa kukarabati mtachagua upi? Lami inataka ukavu. Machi mpaka Mei ni masika, Oktoba mpaka Disemba ni vuli. Kavu ni Januari na Februari, na hapo ndio Valentine, wiki mbili zile ndizo zinalipa mishahara ya shamba. Kavu ingine ni Juni mpaka Septemba, na hapo watalii ndio wanakuja kuona nyumbu Maasai Mara. Kila mwezi kuna mtu analia.

---

Fundi_Lami

Mimi ni wa ujenzi, nimefanya barabara nyingi na kiwanja kimoja kidogo, wacha niseme kwa nini haiwezi kuharakishwa, juu najua kuna mtu anakuja kusema "si wafanye wiki moja waishe".

Kazi ya usiku ya ranwei inaenda hivi. Ndege ya mwisho imepita, mnaingia na mashine, mnakwangua ile lami ya juu, sentimita tano hivi, kipande cha urefu ambao mna hakika mtamaliza kabla ya asubuhi. Mnafagia. Mnamwaga lami mpya, inakuja moto karibu digrii 150, mnashindilia, alafu mnangoja ipoe. Huwezi kuilazimisha ipoe. Ndege ya tani 200 ikipita juu ya lami bado laini inaacha mtaro na kesho mnarudia. Mahali kipya kinakutana na kikuukuu mnatengeneza mteremko mdogo ili magurudumu yasigonge ngazi. Mnarudisha michoro, mnajaribu taa, alafu watu wanatembea kwa miguu na tochi wakiangalia kama kuna jiwe, msumari au kipande cha waya kimebaki. Kile kipande cha chuma kilichoanzisha ajali ya ndege ya Concorde kule Paris mwaka wa 2000 kilidondoka kutoka ndege nyingine, kilikuwa kama sentimita 43 hivi, basi. Kwa hivyo kati ya masaa sita mliyopewa, ya kumwaga lami yenyewe ni labda mawili. Mvua ikianza saa nane usiku mnafunika mnatoka.

Na msiseme basi wasikarabati. Ranwei haichakai kama barabara ya mtaani. Kila ndege ikitua inaacha mpira wa gurudumu umejipaka pale pale, ukizidi lami inakuwa telezi wakati wa mvua. Na ufa ukiachwa maji yanaingia chini, na chini kukioza hutakarabati tena, utajenga upya.

---

Wa_Tassia

Nauliza tu kama mtu wa kawaida, kwa nini basi wasifunge kabisa mwezi mmoja, watu wajue, ndege zihamie Mombasa au Eldoret, kazi iishe mara moja?

---

Paleti_ya_Usiku

Swali zuri. Kuna waliofanya. Abuja, mji mkuu wa Nigeria, nao wana njia moja. Ilijengwa 1982, ilipangiwa kudumu miaka 20, wakaipitisha muda mpaka ikawa na mashimo. Machi 2017 wakafunga uwanja wiki sita, kila kitu kikahamia Kaduna, abiria wanapelekwa kwa basi na polisi barabarani kwa sababu ile barabara ilikuwa na utekaji. Mashirika mengi ya nje yalikataa kwenda Kaduna, walioenda wa kimataifa ni Ethiopian peke yao. Na walimaliza kwa wakati, tarehe 18 Aprili ikatua A350 ya hao hao Ethiopian, ya kwanza kwenye lami mpya.

Sasa tuseme tuhamie. Mombasa njia yake ni mita 3,350 na iko karibu na usawa wa bahari, ndege kubwa inaruka vizuri. Eldoret ni kama mita 3,500 lakini iko juu kuliko Nairobi, zaidi ya mita 2,100, hewa nyepesi zaidi, kwa hivyo safari ya mbali na tangi limejaa hapo sahau. Mafuta ya ndege zote, ngazi, paleti, watu wa uhamiaji, jikoni za chakula cha ndege, vyumba baridi vya kina Shiru, vyote viko Embakasi. Utahamisha mpaka mafundi na familia zao. Abuja walikuwa na Lagos inabeba safari nyingi za kimataifa. Sisi Lagos yetu ndiyo hii hii.

Ndiyo maana hii kelele ya njia ya pili inaniumiza moyo. Nimeisikia tangu nianze kazi. Mipango imekuja na kwenda, Greenfield, ule mradi wa jengo jipya la abiria hapa JKIA, ukavunjwa 2016, ile ya Adani, kampuni ya India, ambayo ndani yake kulikuwa na njia ya pili ikafutwa Novemba 2024, na sababu za kuifuta nyingi nilikubaliana nazo. Lakini mpango ukifutwa lami haiachi kuzeeka. Nani anajenga, kwa pesa gani, hayo wabunge wabishane, ila ijengwe.

---

MzeeSyokimau

Kuna jambo hamjaligusa na mimi nafikiri ni kubwa kuliko kuchelewa. Ranwei iliyofungwa ni hatari kwa asiyejua imefungwa.

Oktoba 31 mwaka wa 2000, Taipei, usiku, mvua ya kimbunga. Boeing 747 ya Singapore Airlines inaenda Los Angeles. Kulikuwa na njia mbili sambamba, moja imefungwa inakarabatiwa. Marubani wakakata kona mapema wakaingia ile iliyofungwa wakidhani ni yao, wakafungua injini, mbele gizani kuna vizuizi vya konkriti na tingatinga. Watu 83 walikufa kati ya 179. Mimi nilikuwa na mtoto anasoma ng'ambo wakati huo na ile habari sijaisahau mpaka leo.

Alafu San Francisco, Julai 2017, njia moja imefungwa na taa zake zimezimwa. Rubani wa Air Canada akazoea kuona njia mbili, akaona mistari miwili ya taa, akalenga ule wa kulia. Kumbe wa kulia ni barabara ya pembeni ya ndege kutembea chini zikienda kuruka, kuna ndege nne zimepanga foleni zimejaa watu na mafuta. Alishuka mpaka kama futi 60 kutoka chini ndio akainua. Tangazo la kufungwa njia walikuwa nalo kwenye karatasi zao, limezikwa katikati ya kurasa nyingi.

Kwa hivyo mama akikaa masaa 19, naumia naye, lakini wakinishikilia chini mpaka wahakikishe wapi pako wazi na wapi hapako, mimi nitakaa.

---

MwanaUtawala

Wazee na dada zangu, sijui niseme nini, nimesoma yote mara mbili. Hasira imepungua. Sasa niambieni, mama anarudi baada ya miezi mitatu, nifanye nini tofauti?

---

Paleti_ya_Usiku

Tiketi moja, namba moja ya safari, kutoka Minnesota mpaka Nairobi. Hiyo ndiyo ya kwanza. Ukiwa na tiketi moja ukikosa ya pili ni jukumu lao kukutafutia nyingine. Na ikiwa ndege inaondoka Ulaya, au ni ya shirika la Ulaya inayoenda Ulaya, kuna sheria yao namba 261 ya 2004, hata kama sababu ni ranwei na fidia ya pesa huenda hupati, chakula na mahali pa kulala lazima wakupe. Mama aijue hiyo namba, aiandike kwa karatasi.

Ya pili, usimpe muda wa kuunganisha wa saa moja na nusu. Mpe masaa manne. Ya tatu, kabla ya kulipa angalia habari za uwanja anaopitia, viwanja vikubwa hutangaza miezi mingi kabla kwamba njia fulani itafungwa kuanzia tarehe hii mpaka ile. Ukiona hivyo pitisha kwingine hata ikiongezeka elfu kadhaa.

---

Shiru_wa_Maua

Na insulini usiweke kwa chupa ya chai. Kuna mifuko midogo ya kulowesha na maji ya kawaida, inakaa baridi siku mbili bila barafu, duka la dawa ukiulizia watakuagizia. Pia mwekee barua ya daktari ya Kiingereza juu ya begi la mkononi, sio ndani.

---

MwanaUtawala

Asanteni. Nimeongea na mama sai, huko ni asubuhi, anampakata mjukuu. Nimemwambia kuhusu tiketi moja na masaa manne. Ameniuliza jambo moja tu, kama akirudi kupitia pale pale inawezekana amletee yule kijana wa barafu kitu kutoka kwa dada. Nimemwambia tutaangalia kwanza kama ranwei yao imeisha.